Siku Jelagat Alipoosha Televisheni

Mwaka wa hamsini na nane, ungemwuliza mtu yeyote pale Nakuru ni nani fundi wa redio, angekuonyesha duka la Bwana Devji kabla hujamaliza swali. Mzungu wa Njoro akija na redio iliyonyamaza, Devji alivaa miwani, akaitikisa ile redio kidogo, akaitegea sikio, kisha akaguna kwa huzuni kama daktari. "Hii iko mgonjwa sana, Bwana. Rudi Alhamisi." Mzungu akishaondoka, Devji alivua miwani, akaibeba redio mpaka nyuma ya pazia, akamwachia Wasike mezani. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Maana fundi mwenyewe, usidanganywe, alikuwa Wasike. Devji hata valvu hakuzijua, yale maglopu madogo ya ndani ya redio yanayowaka mekundu. Ungempa chupa ya pilipili angeipachika mle na kukulipisha. Wasike, Mbukusu mwenye mwili mwembamba na maneno mengi, alijifunza redio jeshini, huko Burma, mvua ikimnyeshea mgongoni na risasi zikipita juu ya kofia. Alikuwa akiifungua redio, anainusa, anagonga valvu moja kwa ukucha, na ugonjwa umejulikana. Halafu Alhamisi ikifika Devji aliitoa redio mbele huku akijifuta mikono kwa kitambaa, eti jasho la kazi.

"Mimi naficha wewe kwa faida yako," Devji alizoea kumwambia. "Mzungu hapana taka mkono ya Mwafrika ndani ya redio yake. Yeye akijua, wewe hapana kazi, mimi hapana duka. Sasa nani nafurahi?"

Wasike aliitikia, "Ndiyo, Bwana," akameza mate. Aliyameza miaka minane. Na ilimuuma, tusifichane. Siku moja sokoni alimsikia mpishi wa Mzungu mmoja akimsifu Devji mbele za watu, kwamba yule Mhindi ana mikono ya dhahabu, na Wasike akasimama pale na kabichi yake mkononi asijue aitupe au ailie. Nyumbani kwake mtaani Bondeni majirani walijua kwamba anafanya kazi dukani. Wengine walidhani anapiga deki.

Basi ndipo Devji alipoingiwa na wazimu wa televisheni. Kenya nzima wakati huo haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, lakini hilo halikumsumbua. Aliagiza seti moja kutoka London, akapanga kukodi kamera Nairobi, avute waya kutoka kwenye kamera mpaka kwenye seti, na Maonyesho ya Wakulima yakifika, Wazungu wote wa Bonde la Ufa waje hemani kwake waone picha inayotembea ndani ya sanduku. Watakaoiona leo, kesho watamjia na redio zao, majiko yao na majokofu yao. Ndivyo alivyopiga hesabu zake.

Seti ilikuja kwa treni. Sanduku zima, vifundo vya kuzungushia vizima, ila kioo cha picha vipande vipande. Kioo hicho ndicho roho ya televisheni: chupa kubwa ya kioo kinene, mbele ina uso mpana ambao ndio unaoonyesha picha, nyuma inaishia kwa shingo nyembamba kama kibuyu. Devji alikaa juu ya gunia la mchele akashika kichwa. Akaagiza kioo kingine, kikachukua wiki saba, na kilipofika zilikuwa zimebaki siku nne tu kufikia Maonyesho.

"Wasike," Devji akasema, "wewe naweza toa hii moja, weka ile ingine?"

Wasike aliona mlango umefunguka, akatia mguu. "Naweza. Lakini na mimi nina neno, Bwana. Hiki kitu kikiwaka siku ya Maonyesho, nataka kukaa mbele. Meza yangu iwe dirishani. Mtu akileta redio, anipe mimi mkononi."

Devji alivuta pumzi, akaangalia dari, akaangalia kioo, akaangalia kalenda. Kalenda ndiyo iliyomshinda.

"Ikiwaka, wewe nakaa mbele," akasema. "Isipowaka, hata huko nyuma hapana kaa."

Aliyeyashuhudia maneno hayo alikuwa Mama Jelagat, aliyekuwa akipiga deki mlangoni. Huyu alikuwa mjane wa Kinandi, wa makamo, mwenye mikono mikubwa na mdomo usio na breki. Alifagia duka asubuhi na jioni, na kila Jumatatu alimletea Wasike maziwa lala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yale wanayoyaita mursik, kwa sababu alimwona amekonda kama ufagio wake. Uchafu na Jelagat walikuwa maadui wa kuzaliwa. Sufuria ya duka aliisugua mpaka Devji akajinyolea ndevu akijitazama humo.

Kazi ya kubadilisha kioo iliwafukuza watu wote waliokuwa nyuma ya duka. Wasike alivaa koti lake la jeshi, akajifunga magunia mikononi, akajivika karai kichwani.

"Ala! Unaenda vitani tena?" Jelagat akauliza kutoka dirishani.

"Mama, usicheke. Hiki kioo kikipata ufa, kinapasuka kwa kishindo, vigae vinaruka mpaka Menengai. Humo ndani hamna kitu kabisa. Hata hewa hamna."

"Hamna kitu?"

"Hamna."

"Basi mnaogopa nini?"

Wasike alikuwa amezuia pumzi, amekikumbatia kile kioo kipya kwa mikono miwili, anakishusha ndani ya sanduku polepole kama mtu anayelaza mtoto aliyesumbua usiku kucha. Akakifunga. Akaunganisha waya moja moja. Alhamisi alasiri akawasha, akarudi nyuma hatua tatu, akangoja. Kwanza giza. Kisha kioo kikaingiwa na mwanga mweupe, laini, uliotulia, ukajaa uso wote mpaka pembeni. Wasike alivua karai. Machozi yalimlenga, wala hakuyaficha, maana hakuwa na wa kumficha. Akazima, akaacha kifuniko cha nyuma wazi seti ipoe, akaenda zake Bondeni akijiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya. Aliwaambia majirani wote. Wasiokuwa majirani akawaendea makwao.

Jioni ile Devji alikuwa akipanda lori kwenda Nairobi kuchukua kamera. Kabla hajaondoka alimwita Jelagat. "Mama, kila kitu ndani ya duka osha. Meza, dirisha, kila kitu. Mimi nataka ng'ara!"

Ukimwambia Jelagat kitu king'are, umemaliza.

Ijumaa asubuhi Wasike aliingia anapiga mluzi. Akawasha televisheni ajionee tena. Lo! Kioo kilianza kusinzia na kuzinduka, mwanga ukavimba, ukanywea, ukatetemeka, na huko nyuma kukasikika mlio wa tssss, kama nyama imegusa kikaango. Cheche za buluu zikaanza kurukaruka. Wasike alichomoa waya kwa mguu akaanguka chali.

Alipozunguka nyuma, alikuta kioo kimetakata. Kinang'aa! Kinameta kama bilauri ya harusi. Ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Jana ile sehemu yote ya nyuma ya kioo ilikuwa imepakwa weusi mzito, tangu tumboni mpaka karibu na shingo. Leo hata alama hakuna.

"Mama Jelagat!"

"Nakuja, usipige kelele, mimi si kiziwi."

"Nani ameosha hiki kioo?"

"Nani mwingine huosha hapa?" Jelagat akashika kiuno. "Mimi nimeshangaa, fundi mzima kama wewe, kitu kipya cha Wazungu unakiacha na masizi mgongoni kama sufuria ya kijana asiye na mke. Nimekisugua kwa jivu na maji kidogo. Tena kilinichapa mkono! Nikakiambia, chapa tu. Hata mtamba akikamuliwa mara ya kwanza hupiga teke."

Wasike alikaa chini sakafuni, mahali palepale alipokuwa. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "yale hayakuwa masizi. Ule weusi umepakwa huko London kwa makusudi. Ndio unaoushika umeme utulie. Bila huo weusi, umeme unarukaruka kama ulivyoona. Kesho ni Maonyesho. Devji anarudi leo jioni."

Jelagat aliuangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ataniachisha kazi," akasema mwishowe.

"Na mimi pia. Tena mimi nimeshawaambia watu."

"Usimwambie ni mimi, Wasike. Nakuomba."

Wasike alikuwa ameshainuka. Maji yakizidi unga, huna budi kutafuta unga. Alianza na masizi ya kweli, akakwangua sufuria tatu za hoteli ya jirani, akachanganya na mafuta taa, akapaka, akawasha. Tssss! Masizi ya sufuria hayakujua kitu kuhusu umeme. Akafuta yote. Akakumbuka betri. Nyuma ya duka palikuwa na lundo la betri za redio zilizokufa, na ndani ya kila betri mna kijiti cheusi cha mkaa mgumu ambao umeme unaupenda. Alizipasua zote, akavikusanya vile vijiti, akaviweka juu ya jiwe, akaanza kuviponda kwa nyundo. Akatia gundi, akapaka kwa kitambaa. Ikakaa mabakamabaka, hapa nene, pale hakuna, na nusu ikabanduka yenyewe ikaanguka chini.

Saa sita ilikuwa imefika. Jelagat alikuwa amekaa kwenye gunia anamtazama, na kutazama kazi mbovu bila kusema kitu kulimchosha kuliko kazi yenyewe.

"Wewe unaponda kama mtu anayelipiza kisasi," akasema.

"Mama, niache."

"Sikuachi. Hebu nionyeshe. Hiki kitu ni kibuyu?"

"Si kibuyu, ni kioo cha picha."

"Kina tumbo, kina shingo, kinatiwa mkaa. Huko kwetu hicho ni kibuyu." Akasimama, akakunja mikono ya gauni. "Toka hapo. Wewe umewahi kuona mursik wa nyumbani kwangu ukiwa na chembe ya mkaa? Umewahi kuona kibuyu changu kina mahali mkaa haukufika? Miaka ishirini na tano natia vibuyu mkaa, mama mkwe wangu alinifundisha kwa kofi. Toka!"

Wasike alitoka. Angefanyaje?

Kwanza Jelagat aliutupa ule unga wake wa nyundo. Akaenda mbio kwake, akarudi na jiwe lake la kusagia, akavisaga vijiti vya betri polepole, kwa uzito wa bega, mpaka vikawa laini kuliko poda ya maharusi. Akavua kitambaa cha kichwani, akauchekecha unga mara mbili. Halafu akataka kioo kiwe na joto kidogo, kwa sababu kibuyu baridi hakipokei mkaa. Wakakitoa ndani ya sanduku, Wasike na karai lake kichwani, wakakilaza juani juu ya magunia. Kikapata joto. Ndipo alipotoa kijiti chake cha kusugulia vibuyu, kilichopondwa ncha mpaka kikawa na nywele kama brashi, akachovya kwenye unga, akaanza kusugua kwa viduara vidogo kutoka shingoni kuteremka tumboni.

"Hapo ubavuni," Wasike akadakia, "pana kitufe cha chuma. Kukizunguka usipake kabisa, acha upana wa vidole vinne. Umeme mkali unaingilia hapo."

"Najua. Ni kama mdomo wa kibuyu. Mdomo haupakwi."

"Mama, umejuaje?"

"Nyamaza. Ukinizungumzisha nitasimama, na nikisimama patabaki alama."

Akaanza kuimba puani, wimbo usio na maneno, na mkono haukusimama. Weusi ukatanda taratibu, sawasawa, bila baka hata moja. Wasike alichuchumaa pembeni akitazama, na kwa kweli alisahau hofu yake. Alijua mikono ya mafundi, alikuwa ameiona Burma na Bombay, na huu ulikuwa mkono wa fundi. Safu ya kwanza ilipokolea, Jelagat aliyeyusha gundi ya mgunga kwa maji ya moto, nyepesi kama maji ya uji, akaichanganya na unga uliobaki, akapaka safu ya pili. Mwishowe akachomoa kifuko kidogo kifuani, akachota chembe kidogo ya kitu cheusi.

"Hicho nini?"

"Mkaa wa mti wa senetwet. Ndio wa vibuyu."

"Hauhitajiki, mama! Huo wa betri unatosha."

"Wa betri ni wa London. Huu ni wa kunukia." Akatia.

Saa kumi kioo kilikuwa kimekauka. Wakakirudisha ndani, Wasike akafunga, akaunganisha, akashika swichi, akashindwa kuiminya. Jelagat ndiye aliyeiminya. Giza kidogo. Kisha mwanga mweupe ukaja, ukaenea, ukatulia tuli. Hakuna tssss. Hakuna cheche. Seti ilipopata moto, chumba kizima kikajaa harufu ya maziwa lala.

Wasike alimkumbatia Jelagat akamwinua juu, na Jelagat alimpiga kofi la bega, kwa sababu heshima ni heshima. Lakini alikuwa akicheka mpaka machozi. Devji aliporejea na kamera yake, alikuta duka linang'aa, televisheni inang'aa, na watu wawili wanafagia mahali palipofagiliwa tayari. Hakuuliza kitu. Alinusa tu hewa, akasema amepata njaa.

Jumamosi uwanja wa Maonyesho ulifurika. Wazungu walitoka Molo, wakatoka Solai, wakatoka Naivasha, kofia pana na mbwa. Devji alikuwa ndani ya hema kubwa, amevaa suti na miwani, amesimama kando ya televisheni yake. Jelagat alikuwa kwenye lango la hema na ndoo na ufagio. Na Wasike? Wasike alikuwa amepelekwa na kamera zizini, hatua mia moja kutoka pale, aielekeze kwa fahali bingwa wa Njoro, dume jekundu lenye utepe shingoni na dharau machoni.

"Wewe kaa huko," Devji alimwambia. "Simama nyuma ya kamera. Hapana onekana."

"Na ile ahadi yetu, Bwana?"

"Jumatatu, Jumatatu. Leo kuna watu wengi."

Wasike akaelewa. Jumatatu ya Devji ilikuwa haina wiki. Alisimama nyuma ya kamera, anamwangalia fahali, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine, akamweleza fahali habari yote. Kwamba ni yeye aliyebadilisha kile kioo. Kwamba ni yeye aliyetengeneza redio za nusu ya watu waliomo mle hemani, na hakuna hata mmoja anayelijua jina lake. Fahali alimsikiliza kwa makini, akasogea, akatoa ulimi wa urefu wa mkono, akailamba kamera kwenye jicho.

"Ebo! We mnyama!" Wasike akaruka mbele, akachomoa leso, akalipangusa lile jicho la kamera, akalipulizia pumzi, akalipangusa tena, akainama kulikagua kwa karibu, mpaka kope zikakaribia kuligusa. Akaona limetakata. Akakisogeza kifundo fulani kidogo kushoto, kidogo kulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kutoka hemani kukapasuka kicheko na makofi. Wasike alidhani wamemfurahia fahali.

Kilichotokea kule alikuja kuhadithiwa na Jelagat baadaye. Uso wa Wasike ulikuwa umejaa kioo kizima, pua hapa, meno pale, mkubwa kuliko wa mfalme kwenye sarafu, na Wazungu mia mbili walikuwa wakimwangalia anavyofanya kazi. Kisha alipoondoka akarudi fahali, na hapo picha ikaanza kuteleza. Fahali akapanda juu, akatokea chini, akapanda juu tena. Watu wakaanza kushika vichwa. Devji, ambaye alikuwa ametoka kuwaambia kwamba seti nzima ameiunga kwa mikono yake, akashika kifundo, akazungusha. Fahali akalala ubavu. Akazungusha kingine. Fahali akawa wawili. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye kiko akapiga kelele, "Bwana Devji, acha! Ita ile mtu ya ndani ya kioo. Ile naonekana najua kazi."

Na hema zima likaitikia: aitwe, aitwe.

Wasike alimwona Devji akija mbio kwa suti, tai begani, akajua amefukuzwa. "Bwana, si mimi, ni fahali..."

"Kuja! Kuja upesi!"

Alipoingia hemani watu walimtambua, wakamnyoshea vidole. "Ndiye yeye! Ndiye yule!" Lakini aliiona picha inateleza, na mbele ya kitu kibovu Wasike alisahau watu. Akaenda nyuma ya seti, akashika kifundo kidogo kwa vidole viwili, akakigeuza kama anayeminya chunusi. Fahali akasimama wima, mmoja, mzima, anacheua. Makofi yalipigwa mpaka mbwa wakabweka.

"Nani huyu?" memsahib mmoja wa Kizungu akauliza.

Devji alimwangalia Wasike. Akawaangalia wale watu mia mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na haikumsaidia. "Huyu..." akasema, "huyu ndiye fundi yangu."

"Na wewe?"

"Mimi... iko mwenye duka."

Jamani! Wasike alisikia neno lile likimwingia masikioni likashuka mpaka kwenye nyayo. Miaka minane. Alitaka lirudiwe. Alitaka apewe tarumbeta.

Yule mzee wa kiko alikuwa amezunguka nyuma ya seti, ameinama, anachungulia. Wakati wa vita alikuwa amefanya kazi na mitambo, akajua anachokitazama. "Hii kioo imepakwa upya," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi hapana ona kazi safi namna hii, hata kiwandani. Nani napaka? Wewe, fundi?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni kwa Wasike: mimi. Neno dogo, tamu, limeshakaa juu ya ulimi. Akatupa macho langoni akamwona Jelagat na ufagio wake, anamtikisia kichwa kwa nguvu: usinitaje, usithubutu. Basi hata mwenyewe amekataa! Na akimtaja, Devji atajua aliyeosha kioo. Afadhali amfiche. Amfiche kwa faida yake.

Wasike aliyasikia maneno hayo kichwani mwake, na yalikuwa na sauti ya Devji kabisa. Aliona haya mpaka shingo ikamwasha.

"Si mimi," akasema kwa sauti ya juu. "Mimi nilijaribu nikashindwa. Aliyepaka ni yule mama pale. Anaitwa Jelagat."

Watu wote wakageuka. Jelagat alisema kitu kwa Kinandi, na waliokijua Kinandi wakainamisha vichwa.

"Lakini," Devji akauliza polepole, "kwa nini ilipakwa? Si ilikuja imepakwa?"

Jelagat aliuegemeza ufagio kwenye nguzo, akaja mbele, kifua mbele, maana mwoga hafi mara moja. "Wewe uliniambia nioshe kila kitu king'are," akamwambia Devji. "Nikaosha. Kikang'aa, kikakataa kufanya kazi. Basi nikakichafua tena."

Hema lilipasuka kwa kicheko. Mzee wa kiko alicheka mpaka kiko kikazimika, akamnyoshea Jelagat mkono mbele ya watu wote. Jelagat aliupokea, kisha akaufuta wake kwenye gauni, kwa sababu ule wa mzee ulinuka tumbako. Devji alifungua kinywa, akahesabu vichwa vinavyocheka, akakifunga. Huwezi kumfukuza mtu aliyeshikwa mkono mbele ya nusu ya wateja wako.

Watu walipopungua, Wasike alimfuata Jelagat nje. Alimkuta anakung'uta ndoo kwa hasira.

"Umekasirika, mama?"

"Nimekasirika. Nimekutikisia kichwa mpaka shingo inauma. Hukuona?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Neno lilikuwa limenifika mdomoni, mama. Kusema ni mimi. Na lilikuwa tamu. Nikaogopa."

Jelagat aliiweka ndoo chini, kando ya ufagio. Alimwangalia bila mzaha, na hilo peke yake lilimtisha Wasike.

"Miaka minane nakusikia ukilia kwamba Devji amekuficha," akasema. "Na miaka hiyo yote nafagia miguuni pako, nakuambia inua mguu, unainua. Umewahi kuniuliza mimi najua kufanya nini?"

Wasike aliiangalia miguu yake, ile aliyokuwa akiiinua.

"Nakuuliza sasa," akasema.

"Sasa nina haraka. Nakwenda kumwona yule fahali. Yule wa kwenye kioo hana harufu, siwezi kujua kama ni mzima." Akajifunga kitambaa chake, akashika njia ya zizini.

Wasike akaokota ndoo na ufagio, akamfuata, na njiani akaanza kumwuliza.